Mboga Imeungwa na Nini?

Anayezunguka Tanzania akitafuta vyakula vya mikoa huanza na swali rahisi: watu wa huku wanakula nini? Jibu huja haraka, na karibu kila mara huwa ni jina la wanga. Kagera ndizi, Dodoma ugali wa uwele, Kyela wali, Kigoma ugali wa muhogo. Ndivyo tulivyofundishwa darasani, na kwa nchi yenye makabila zaidi ya 120 na eneo linalozidi Ufaransa na Ujerumani zikiwekwa pamoja, orodha hiyo ina manufaa yake. Lakini miaka ya kula huku na huko, safari za basi na za treni, kwa mama lishe na majumbani mwa watu, imenifundisha kutoitegemea sana. Siku hizi huuliza jambo jingine: mboga ya hapa imeungwa na nini? Tui, karanga, mawese, maziwa, mafuta ya dumu, au imechemshwa chukuchuku? Naamini kwamba upishi wa eneo unakaa kwenye kile kinachounga mboga kuliko kile kinachojaza sahani, na kwamba msafiri asiyelitambua hilo anaweza kuvuka nchi nzima akarudi akidhani Watanzania wote wanakula chakula kimoja.

Wanga hutupoteza kwa sababu hubadilika upesi kuliko tunavyopenda kukubali. Mahindi yana asili ya Amerika na yaliletwa Afrika na Wareno. Muhogo ulipita njia hiyohiyo, na serikali ya kikoloni ikauhimiza vijijini kama akiba ya njaa. Baada ya Uhuru dola yenyewe iliingia jikoni. Miaka ya 1970 mahindi yalinunuliwa kwa bei moja nchi nzima, hata yale ya Rukwa na Ruvuma ambako kuyasafirisha kulikuwa hasara tupu, na Shirika la Taifa la Usagishaji, NMC, likasambaza sembe ya ruzuku mijini mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa mwaka 1984. Aliyekulia Dodoma mjini katika miaka hiyo alikula ugali mweupe sawa na wa Dar es Salaam. Shinyanga, ambako wazee walikulia mtama, sasa magunia ya mchele yamepangwa barabarani. Ukiupima upishi wa Wagogo kwa uwele peke yake, utalazimika kusema unakufa. Ukiupima kwa mlenda utasema uko hai na mzima: unga umebadilika, lakini mlenda uliokaushwa juani, ukatwangwa, ukapikwa kwa magadi kidogo na karanga bado ni uleule, na bado ndio unaomtambulisha mpishi.

Ushahidi mzuri zaidi nilionao ni wa jani moja. Kisamvu hupikwa karibu kila panapolimwa muhogo, kwa hiyo mtu anaweza kukifanya kipimo na kukifuata kwenye Reli ya Kati, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma. Pwani huungwa kwa nazi. Nazi inakunwa kwenye mbuzi na kukamuliwa kwa kifumbu mara mbili au tatu. Tui jepesi linaingia mapema kuyaivisha majani, na tui zito, ambalo Zanzibar huitwa kasimile, linaingia mwishoni na kukorogwa taratibu lisije likakatika. Ukishapita Morogoro, nazi huacha kuwa kitu cha kuangua uani na kuwa kitu cha kununua sokoni kwa bei ya kufikiria mara mbili. Tabora kisamvu kimekuwa cha karanga, kizito, kinashika tonge bila kuhitaji mchuzi. Mwisho wa reli, kando ya Ziwa Tanganyika, jani hilohilo limekuwa karibu jeusi, mafuta mekundu ya mawese yameelea pembeni mwa bakuli, na mara nyingi mna dagaa ndani yake. Ng'ambo ya ziwa, Kalemie na Uvira, mboga hiyo huitwa sombe, Burundi isombe, na huko kote mawese yamo. Mtu wa Kigoma akipakuliwa sombe ya Kongo atajiona yuko nyumbani kuliko akila kisamvu cha Tanga, ingawa Tanga ni nchi yake na Kongo ni ya jirani. Jani ni moja, reli ni moja, na Kiswahili cha sokoni ni kimoja mwanzo hadi mwisho. Kilichobadilika ni mafuta, nayo yamebadilisha rangi, uzito, harufu, na hata chaguo la kitoweo kinachowekwa kando.

Mabadiliko hayo yana sababu zake. Mnazi unataka joto na unyevu wa nchi ya chini. Morogoro, takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari, minazi bado ipo. Dodoma imepita mita 1,100, mvua yake kwa kawaida haifiki milimita 600 kwa mwaka, na mnazi hauna maisha huko. Karanga hazijali mambo hayo. Msimu mfupi wa mvua unazitosha, hukauka, hukaa ghalani na maganda yake, na wala hazihitaji ng'ombe. Hili la ng'ombe lina uzito Tabora, kwa sababu miombo ya magharibi ilikuwa makao ya mbung'o. Mifugo haikustawi, na samli iliyokuwa kitu cha kila siku kwa wafugaji wa kwingine haikuwa hivyo huko. Misitu hiyohiyo ikatoa asali na uyoga badala yake. Kisha reli inateremka hadi ziwani, mita 770 hivi, kwenye joto na mvua ya kutosha, na michikichi inaota mabondeni. Ukielekea Kilimanjaro mambo hugeuka tena. Kihambani ng'ombe hufungwa zizini na kulishwa majani ya migomba, maziwa yako hatua chache kutoka kwenye chungu, na ndiyo maana ulaini wa chakula cha Wachaga na jirani zao wa Meru na Arusha hutoka kwenye maziwa na nyama: kitawa cha ndizi, loshoro ya mahindi na maziwa ya mgando, mtori uliopondwa ndani ya supu ya mifupa. Hakuna anayewaza nazi pale. Ukiitia kwenye mtori, jiandae kuhojiwa.

Watu walioyatazama mafuta ya nchi hii kwa macho makavu kuliko wote hawakuwa wapishi. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, siagi na majarini zikitolewa kwa mgao, na serikali ya Clement Attlee ikaamua kwamba upungufu huo utazibwa na Tanganyika. Mpango wa karanga ulianza mwaka 1947 Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea, ukilenga ekari zaidi ya milioni 3. Mwaka 1951 uliachwa, na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Udongo wa Kongwa ulipokauka uligeuka mgumu kiasi cha kuzikatalia karanga ardhini. Mvua haikufuata ratiba iliyopangwa London. Matrekta, mengine mabaki ya vita, yaliharibika yakipambana na vichaka na mizizi ya mibuyu. Habari hiyo husimuliwa kama kichekesho cha kikoloni, na ni kichekesho kweli, lakini mimi huisoma kama habari ya upishi. Wagogo walikuwa wakilima karanga katika ardhi ileile kabla ya matrekta, na wameendelea kuzilima baada yake, vishamba vidogo vidogo, kwa ajili ya mlenda. Karanga za kuunga mboga zilipata pa kuishi mahali ambapo karanga za kujaza meli zilishindwa. Kwa anayeuliza upishi wa eneo unatokana na nini, huo ni ushahidi wenye thamani ya pauni milioni 36: unatokana na kiasi ambacho ardhi inaweza kutoa kwa chungu kilicho karibu, mwaka baada ya mwaka.

Kwa nini basi msafiri wa kawaida hayaoni haya? Kwa sababu barabara kuu nzima inapikia mafuta yaleyale. Hoteli za njiani ambako mabasi husimama zina chakula kimoja, iwe Korogwe au Singida: chipsi, kuku wa kukaanga, wali nyama, sambusa, mayai ya kuchemsha. Siwalaumu wapishi. Dereva ametoa dakika 20, na abiria wengine wametumia nusu yake kuchimba dawa. Basi limebeba watu wa kila kabila, na chipsi hazimbagui mtu. (Zege, yaani chipsi mayai, kwa maoni yangu, ndicho chakula pekee cha taifa kilichopatikana bila kuundiwa kamati.) Lakini mafuta yanayokaangia vyote hivyo hayana rangi wala harufu, na hiyo ndiyo sifa inayoyauza. Tanzania huagiza zaidi ya nusu ya mafuta yake ya kula, sehemu kubwa ikiwa mawese yaliyosafishwa kutoka Malaysia na Indonesia. Mtu anayekula barabarani kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza atakuwa amekula kwenye dumu moja la njano siku nzima, na hitimisho lake kwamba chakula ni kilekile kila mahali litakuwa sahihi kwa alichokula. Treni ya zamani ilifundisha vizuri zaidi, maana husimama kwenye vituo vidogo na wachuuzi huja madirishani na kilichopo pale: karanga, asali, maembe, dagaa. Treni ya umeme iliyoanza kufika Dodoma mwaka 2024 inatumia chini ya saa 4 kutoka Dar es Salaam. Ni neema, nami naifurahia. Ila katika somo hili haina la kumwambia mtu.

Kuna pingamizi ambalo mtu wa Kagera angelitoa mara moja. Kwao ndizi na maharage huchemshwa pamoja, au ndizi hufunikwa kwa majani ya mgomba zikaiva kwa mvuke, na hakuna aliyeona ulazima wa mafuta. Usukumani pia kuna michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa vikiwa vibichi au baada ya kuchemshwa, chakula cha heshima kisichojua kikaango. Je, majiko ya chukuchuku hayaibomoi hoja yangu? Nadhani yanaitia nguvu, ukitazama kinachothaminiwa mahali pasipo na mafuta mengi. Kagera kinachothaminiwa ni senene. Huja kwa makundi, hasa Novemba na Desemba, hunyofolewa mabawa na miguu, na hukaangwa bila kuongezewa kitu kwa sababu hutoa mafuta yao wenyewe kikaangoni. Desturi ya zamani ya Wahaya iliwataka wanawake wawakusanye na kuwaandaa lakini ikawanyima kuwala, na kanuni kali namna hiyo haiwekwi juu ya kitu kisicho na thamani. Matobolwa nayo hutafutiwa karanga au maziwa yanapopatikana. Na pembezoni mwa Ziwa Victoria, sangara, samaki aliyepandikizwa katika karne ya 20, ameleta mafuta yake mwenyewe: minofu husafirishwa nje, mapanki, yaani vichwa na mifupa, yanabaki, na mara nyingi hukaangwa kwa mafuta ya sangara huyohuyo. Watu wa ziwa hawakuhitaji vizazi vingi kugeuza mabaki ya kiwanda kuwa mboga yenye wapenzi wake, ijapokuwa wapo waliokula mapanki kwa kukosa samaki mzima na wasingependa kusikia yakisifiwa.

Hapo linaingia pingamizi la pili, la wanahistoria. Nimesema wanga ni wa kuja, mafuta je? Karanga zimetoka Amerika ya Kusini, alizeti Amerika ya Kaskazini, nazi imesafiri Bahari ya Hindi, mchikichi asili yake ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati. Yote ni kweli, nami sidai ukale. Ninachodai ni kwamba mafuta yakibadilika, kazi nzima ya kupika hubadilika. Ukihama kutoka uwele kwenda mahindi unabaki na sufuria ileile na mwiko uleule. Umebadilisha mfuko wa unga. Ukihama kutoka tui kwenda mawese umebadilisha zana, mpangilio na hata sikio la mpishi: tui halipendi moto mkali baada ya kasimile kuingia, karanga zataka kukorogwa mfululizo zisishike chini, mawese yataka kuchomwa kidogo mwanzoni ili harufu ya ubichi itoke. Ujuzi wa aina hiyo hauhami na lori. Singida inanisaidia hapa. Alizeti haikuwa mafuta ya mababu wa Wanyaturu wala Wanyiramba, lakini mashine ndogo za kukamua zimejaa kando ya barabara, mafuta mazito yenye harufu ya mbegu yanauzwa kwenye chupa na madumu, na wenyeji wanayajua kwa pua. Kwa kipindi kifupi mkoa umejipatia ladha yake. Kwa hiyo hoja yangu haiwahusu wazee peke yao. Upishi wa eneo unaweza kuzaliwa mbele ya macho yetu, mradi mafuta yakamuliwe pale pale yanapoliwa.

Pingamizi zito kweli ni la tatu, na wanawake ndio wenye haki ya kulitoa. Kukuna nazi, kukamua, kutwanga kisamvu, kumenya na kutwanga karanga, kuchemsha na kukanyaga chikichi: nani hufanya kazi hizo? Msafiri hufika wakati wa kula, amenawa mikono, na ni rahisi kwake kuusifu mchi. Dumu la mafuta limemrudishia mama saa nzima ya jioni, na limempa binti nafasi ya kufungua daftari. Sitaki kusimama upande wa pili wa jambo hilo. Upishi wowote unaoishi kwa mgongo wa mtoto wa kike hauna haki ya kutetewa kwa sababu tu ni mtamu. Ila hesabu haina pande mbili tu, mchi au dumu. Masoko ya Dar es Salaam yana mashine za kukunia nazi, kisamvu huuzwa kikiwa kimeshatwangwa, karanga husagwa ukisubiri, na Kigoma ziko mashine za kukamulia mawese. Hayo yaliletwa na wafanyabiashara wadogo walioona wapishi wanataka kupunguziwa kazi bila kubadilishiwa ladha. Adui mkubwa zaidi wa tui siku hizi ni bei. Minazi ya pwani imezeeka, ugonjwa wa kunyong'onyea umeiua kwa wingi, na mama lishe anayepika maharage ya watu hamsini anajua faida yake ingeishia kwenye nazi. Ndiyo sababu nyumba nyingi za pwani, ambazo zamani zisingekubali mchicha bila tui, sasa huungia mafuta siku za kazi na kuiweka nazi kwa ajili ya Ramadhani na wageni.

Upande wa pili wa reli habari ni ngumu zaidi, na ina kejeli yake. Mwaka 1848 miche minne ya mchikichi ilipandwa kwenye bustani ya Bogor, Java, na uzao wake ukawa chanzo cha mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki. Kwa hiyo mafuta meupe ya dumu na mawese mekundu ya Ujiji ni ya aina moja ya mti, na asili yake ni bara hili. Tofauti ni usafishaji: karotini inayoyapa wekundu, na ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, imeondolewa pamoja na harufu. Tangu mwaka 2018 serikali imeisukuma Kigoma ipande michikichi kwa wingi, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kikizalisha mbegu bora za tenera, lengo likiwa kupunguza mafuta ya kuagiza. Siwezi kulipinga lengo hilo. Fedha za kigeni zinazokwenda Asia kununua mafuta ya mti wa Afrika zinauma. Lakini soko kubwa linataka mafuta yasiyo na rangi, na kiwanda hujengwa kwa ajili ya soko kubwa. Kigoma inaweza kufanikiwa sana katika kuulisha mkoa wa Dar es Salaam, na wakati huohuo mawese yake yakapanda bei mpaka mama wa Mwandiga aungie sombe mafuta ya dumu yaliyosafishwa kutokana na chikichi za jirani yake. Hiyo ingekuwa ajabu, ingawa kwa mhasibu isingekuwa ajabu hata kidogo. Ningependa kila kiwanda kitakachojengwa kule kitenge sehemu ya mafuta mekundu yasiyosafishwa, iwe ndogo kiasi gani, iuzwe kwa jina la Kigoma. Wanunuzi wapo tayari Dar es Salaam, wengi wao watu wa Kigoma wenyewe, ambao leo huyapata kwa kuagiza kidumu kwa ndugu anayekuja na basi.